Niliifuta Salamu ya Mama Kwandu

Mimi ni mwizi. Nalisema mapema ili hata ukichoka kusoma katikati, uwe umeondoka na hilo. Sikuiba ng'ombe wala mawe ya dhahabu ya mtu. Niliiba kitu ambacho mwenyewe alishasema nichukue bure, na bado nikafanikiwa kukiiba! Hebu fikiria upumbavu wa namna hiyo.

Nina miaka thelathini na moja. Napanga chumba Ibadakuli, na kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Shinyanga mjini. Kuandika programu za simu nilijifunza mwenyewe, kwa kompyuta chakavu niliyoitoa kwa mteja mmoja ikiwa nusu maiti. Majina ya ndugu zangu humu nimeyabadilisha. Jina la mama mmoja sijalibadilisha, na ni yeye aliyeniruhusu. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Dada yangu Minza ameolewa Mwakitolyo, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Mumewe, shemeji Luhende, alikuwa anachimba kwenye duara la watu sita. Duara ndiyo lile shimo lenyewe, linashuka chini mpaka ukiangalia mdomo wake kutoka ndani unaona kipande cha anga kama sahani. Kila nilipokwenda kuwatembelea nilikuta kuna mtu amefukiwa, au amezidiwa na hewa, au amelipukiwa na baruti. Matangazo ya usalama yalikuwepo, yamebandikwa ubaoni kwa Kiswahili cha ofisini, na mbuzi walikuwa wanayala pembeni.

Siku moja Luhende akaniambia, shemeji, wewe na simu zako, si ututengenezee kitu kinachoongea, kiongee Kisukuma, tusikilize kabla ya kushuka? Kwa hiyo hata wazo halikuwa langu. Nalo hilo nilikuja kulisahau.

Nikaingia mtandaoni kutafuta pa kuanzia, na huko nikakuta kila kitu kimeshafanywa. Kulikuwa na ukurasa wenye sauti thelathini na nne za Kisukuma safi, zinaeleza mambo ya machimboni moja moja: jinsi ya kusimamisha matimba, yale magogo ya kuzuia duara lisibomoke, jinsi ya kukaa mbali na moshi wa zebaki, jinsi ya kujua kama hewa ya duarani ni nzuri. Pamoja na sauti kulikuwa na msimbo wake, yaani maandishi yale yanayoiambia simu nini cha kufanya, hata bila mtandao. Yote ni chanzo huria: mtu yeyote anaruhusiwa kufungua, kuona ndani, kuchukua na kuendeleza.

Sauti ilikuwa ya mama mmoja muuguzi mstaafu. Msimbo ulikuwa wa binti yake. Kila rekodi ilianza hivihivi: “Mwangaluka. Nene Kwandu, ng'wana Sitta, wa Songwa.” Anakusalimia, anakwambia yeye ni Kwandu, binti wa Sitta, na kwao ni Songwa. Kisha anatulia kidogo kama anasubiri umjibu, ndipo anaanza kufundisha.

Kwetu ndivyo mtu anavyoanza. Mnasalimiana, mmoja anauliza ng'wana nani, wewe ni mtoto wa nani, mwenzake anamtaja baba yake, na mazungumzo yanaendelea. Hata ukienda kununua majani ya chai kwa mtu mzima asiyekujua utaulizwa. Nimekua hivyo, nimejibu hilo swali maelfu ya mara.

Kulikuwa na leseni pia, fupi, imeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida. Ilisema chukua, tumia, badilisha, wagawie wengine, hatudai kitu. Ila acha jina langu pale mwanzo, na acha anwani ya ukurasa huu. Chini yake kulikuwa na mistari mingine. Sikuisoma. Niliona neno “bure” nikapandisha ukurasa.

Sasa ngoja nikwambie nilichofanya, na usinionee huruma.

Kulikuwa na shindano la vijana wabunifu Mwanza. Kwenye fomu waliuliza kama kazi ni yako, na kama umetumia kazi ya mtu mwingine umtaje. Walikuwa wameacha hata mistari mitatu ya kumtaja! Ningeandika tu kwamba sauti ni za Mama Kwandu wa Songwa, msimbo ni wa binti yake, mimi nimeipeleka kwa wachimbaji wa Mwakitolyo. Pengine ningeshinda vilevile. Lakini nilijiona mdogo mbele ya mistari ile. Nilitaka niitwe mbunifu, na mbunifu niliyemjua kichwani mwangu hakuwa mtu wa kusambaza kazi ya mama wa watu.

Nikaiacha mistari tupu. Halafu nikafungua rekodi moja baada ya nyingine, nikakata salamu. Sekunde saba kila moja. Nilikata mwangaluka, nikakata jina, nikakata baba yake, nikakata Songwa, nikakata na kale kautulivu ka kusubiri kujibiwa. Ilinichukua siku mbili na mkono ukaniuma. Kazi pekee niliyoifanya kwa mikono yangu katika programu ile ilikuwa kuliondoa jina la mtu.

Na kwenye msimbo nilifanya vilevile. Kuna njia ya kawaida ya kuchukua kazi za chanzo huria: unabonyeza, nakala yako inabaki imeunganishwa na ile ya mwanzo, mwenye kazi akirekebisha kitu na wewe unapata taarifa. Mimi sikutaka muunganisho wowote. Nilipakua kila kitu kwa mkupuo, nikafuta historia, nikafuta leseni, nikafuta ile anwani, nikapandisha upya kama kitu kilichozaliwa kibandani kwangu. Juu yake nikaandika jina langu kwa herufi kubwa.

Nikashinda nafasi ya pili. Nilipewa cheti na fulana, nikahojiwa redioni. Mtangazaji akauliza yule mwanamke mwenye sauti nzuri ni nani, nikasema ni dada mmoja wa mjini, hapendi kutajwa. Nilisema bila kumeza mate. Mama yangu mzazi aliisikia ile redio akalia kwa furaha.

Mwakitolyo walinipokea kama mtoto wao. Niliweka programu kwenye simu ya Luhende, na yeye akawarushia wenzake, simu kwa simu, maana mtandao kule ni wa kubahatisha. Akinamama wanaoponda mawe karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, walisogea kusikiliza. Alikuwepo mama mmoja mtu mzima, nitamwita Mama Nkwimba, ana nyundo mkononi na vumbi hadi kwenye kope. Alisikiliza rekodi ya zebaki mpaka mwisho, akaniangalia.

“Huyu anayeongea ng'wana nani?”

Nikamwambia, Mayu, yaani mama, ni sauti ya kompyuta.

“Kompyuta inaongea kama watu wa Kishapu?” akauliza, na Songwa iko Kishapu. Kisha akasema mtu huyu hajasalimia, ameanza tu kusema, na yeye hapendi kuambiwa mambo na mtu asiyesema kwao ni wapi. Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Mama Nkwimba hakucheka, alirudi kwenye mawe yake, na nasikia hakuiweka programu ile kwenye simu yake hata siku moja.

Ilipita kama mwaka. Asubuhi moja ya kiangazi nimefungua kibanda, sijaweka hata meza nje, Minza akapiga simu. Aliongea polepole mno. Akasema Baba Kulwa, yaani mumewe Luhende, ametolewa duarani, wako njiani wanamleta hospitali ya mjini, niwahi getini.

Hakuwa amekufa. Alikuwa anapumua kwa kukoroma, macho nusu wazi, uso una wekundu ambao ngozi yetu haina. Aliyemleta alikuwa mwenzake wa kwenye winchi, yule anayepandisha na kushusha kamba. Alisimama ukutani kofia mkononi, akanieleza, na alinieleza vizuri kwa sababu aliamini mimi ndiye mwalimu wao.

Alisema walilipua baruti, wakasubiri. Moshi ukaisha, harufu ikaisha. Mmoja akataka washuke palepale. Luhende akakataa, akasema ngoja tumsikilize shemeji kwanza. Ndivyo walivyokuwa wanaiita programu ile, shemeji. Akatoa simu, akacheza rekodi ya hewa, wote sita wakasikiliza. Sauti ikasema subiri moshi uishe na harufu iishe, funga mshumaa kwenye kamba, ushushe mpaka chini, ukizimika usishuke, ukiwaka hewa ni nzuri. Wakashusha mshumaa. Ukawaka vizuri kabisa. Luhende akashuka wa kwanza.

“Tulifuata kila kitu,” yule mtu akaniambia. “Hatukuruka hata kimoja.”

Daktari alisema moshi wa baruti una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mshumaa unaendelea kuwaka humo bila wasiwasi. Mshumaa wa wachimbaji ni mila ya zamani. Unaonyesha hatari moja tu, ya hewa kupungua, na hiyo nyingine hauioni. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa nafuu. Nikasema kumbe yule mama alikosea! Si mimi, ni yeye!

Nikatoa simu palepale kwenye benchi nikaufungua ule ukurasa, mara ya kwanza tangu siku ya wizi. Nilitaka kuliona kosa lake kwa macho yangu.

Nililiona. Lilikuwa juu kabisa, kwa maandishi mekundu. Mama Kwandu alikuwa ameandika kwamba rekodi ya hewa ina kosa, kwamba aliurudia ushauri wa mshumaa alivyousikia kwa wachimbaji wenyewe, na amejifunza kuwa hauonyeshi sumu ya moshi wa baruti wala wa pampu ya petroli. Ameshairekodi upya. Anaomba kila aliyechukua ile ya zamani aifute leo hii. Ujumbe ule ulikuwa umewekwa miezi minane kabla Luhende hajashuka.

Chini yake kulikuwa na orodha ya watu waliochukua kazi yake kwa njia ya halali, na mbele ya kila mmoja ameandika: nimemwandikia, amebadilisha. Mmoja wa Geita, amebadilisha. Mmoja wa Chunya, amebadilisha. Mwalimu wa Kahama aliyekuwa na simu mbili tu darasani, amebadilisha. Niliisoma mara tatu. Mimi sikuwemo. Nani angeniandikia? Nilikuwa nimehakikisha hakuna mtu duniani anayejua kwamba ninacho.

Nikashuka mpaka kwenye leseni. Ile mistari ya chini ambayo sikuisoma ilisema hivi: “Jina na anwani naomba vibaki kwa sababu mimi si mjuzi wa kila kitu. Nikikosea nitasahihisha hapa, na anayesikiliza ajue pa kunipata.”

Nilikaa na simu ile mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama na mimi naumwa.

Nilimwambia Minza siku ya nne. Tulikuwa nje ya wodi, anamenya machungwa ambayo mgonjwa hakuweza kula. Nilimwambia yote, la fomu, la salamu, la redioni. Hakupiga kelele.

“Kwa hiyo ulipewa bure,” akasema.

Nikasema ndiyo.

“Na ulitakiwa kutaja jina tu.”

Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya. Tangu siku ile hajawahi kulirudia, na ningependa sana anitukane.

Wiki iliyofuata nilikwenda Songwa. Nyumba yake si ngumu kuipata, ukimuuliza mtu yeyote Mama Kwandu muuguzi unaonyeshwa kwa kidole. Nilimkuta anaanika mbegu za maboga. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na akaendelea kuongea kwa sauti ileile ya kwenye rekodi. Mwili ulinisisimka, maana nilikuwa sijawahi kuisikia ikinisemesha mimi. Akauliza, “Ng'wana nani?”

Nilimtaja baba yangu. Halafu nikakaa chini kwenye vumbi, sikungoja kiti, nikamwambia.

Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwa Luhende alikaa. Nikamaliza, nikaomba msamaha kwa kulichukua jina lake, na hapo ndipo aliponikatiza.

“Jina langu lina faida gani kwangu, mwanangu? Miaka sabini ninalo. Nililiweka pale ili mtu akiona mambo hayaendi anitafute.” Akauliza, “Iko kwenye simu ngapi?”

Nikasema sijui.

“Umewaambia?”

Sikuwa nimewaambia. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na aibu yangu, na watu walikuwa wanashusha mishumaa! Mama Kwandu aliingia ndani akachukua kitenge chake cha kutokea, akasema twende Mwakitolyo. Siku hiyohiyo. Kule alisimama katikati ya wachimbaji, mama wa miaka sabini mwenye viatu vya plastiki, akasalimia, akajitaja, akasema rekodi ya mshumaa ni sauti yake na ni kosa lake, msiifuate. Alisema ni kosa lake! Mimi nilikuwa nyuma yake na sikuweza kunyanyua uso. Mama Nkwimba alikuwepo na nyundo yake. Aliposikia ile sauti aliacha kuponda, akamwitikia salamu yote mpaka mwisho, kisha akaniangalia mimi.

Baadaye mbele ya watu haohao nilisema ukweli wangu. Programu niliifuta pale nilipoiweka mtandaoni, nikarudisha cheti, nikawaandikia watu wa shindano na wa redio. Rekodi nimezirudisha kwa binti yake Mama Kwandu, na sasa anayetaka anaelekezwa kwao.

Lakini kilichorushwa simu kwa simu hakirudi. Hapo ndipo ninapoishi mimi sasa. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Geita nimefuata vioo vya simu. Kuna kijana wa watu alikuwa amekaa kwenye gunia anasubiri usafiri, simu mapajani. Nikaisikia. Sauti ya Mama Kwandu, imeanza ghafla bila salamu, inasema subiri moshi uishe. Nilimrukia yule mtu. Alidhani namwibia simu, watu wakanizunguka, na nilipoeleza walinishangaa. Aliifuta mbele yangu. Nikamuuliza aliipata wapi, akasema kwa rafiki yake wa machimbo mengine, ambaye naye aliipata kwa mtu.

Tangu hapo naisikia hata mahali ambapo haipo. Naisikia kwenye redio ya jirani, naisikia fundi mwenzangu akijaribisha spika. Mteja akiniwekea simu mezani, kabla sijauliza imeharibika nini, naifungua nitafute alama ya kijani ya programu ile. Mara mbili nimeikuta.

Luhende yuko nyumbani. Anatembea, anakula mwenyewe, jembe analishika ila anasahau tuta aliloanzia. Nyuso zinampotea. Mkewe anamjua, mwanawe Kulwa anamjua siku nyingine tu. Mimi hanijui. Kila Jumapili nakwenda, nampa mkono, naye ananipokea kwa heshima zote kama mgeni aliyetoka mbali, ananivutia kigoda, anauliza, “Ng'wana nani?” Namtaja baba yangu. Anatikisa kichwa, anasema wabeja, yaani asante, kisha anasema jina hilo analifahamu, ana shemeji yake wa ukoo huo, mtaalamu wa simu, mtu mzuri sana. Ananisifia mimi kwangu mimi. Kila Jumapili!

Wewe unayeandika programu, au unayechukua picha, maneno, sauti za watu mtandaoni kwa sababu zimeandikwa bure, isome leseni mpaka mstari wa mwisho. Acha jina pale ulipolikuta. Sema ulichobadilisha. Usiikate njia ya kurudi kwa mwenyewe, maana hujui kesho ataitumia kukwambia nini. Jina langu nimeliacha nje ya barua hii kwa ombi la Minza, na pia kwa sababu mara ya mwisho nilipoliandika juu ya kitu ilitokea hayo.

Na wewe uliyeko machimboni, Mwakitolyo, Geita, popote, au mwenye ndugu huko: angalia kwenye simu. Kama kuna mama anayefundisha kwa Kisukuma na anaanza kwa kukusalimia na kusema yeye ni Kwandu ng'wana Sitta wa Songwa, msikilize, huyo ndiye mwenyewe. Kama anaanza kusema bila kukusalimia, hiyo ni kazi ya mikono yangu. Ifute, tafadhali, kabla hamjashusha mshumaa.